MAWIMBI YA UBONGO: Kinachosomwa na mikanda ya kichwani na kinachodhaniwa tu

MPIRA mwepesi wa sponji unaelea juu ya hewa inayopulizwa na feni ndogo. Mchezaji aliyevaa mkanda kichwani akikaza fikira, feni huongeza kasi na mpira hupaa. Akilegeza fikira, mpira hushuka. Hakuna mkono unaougusa wala kitufe kinachobonyezwa.

Huo ndio mchezo wa Mindflex, uliotolewa mwaka wa 2009 na kampuni ya Mattel ya Marekani, ambayo wengi huijua kwa wanasesere wake wa Barbie. Mwaka huo huo kampuni ya Uncle Milton ilileta mchezo wa aina hiyo hiyo, Force Trainer, ulioiga filamu za Star Wars. Michezo yote miwili ilitegemea kihisi kilichotengenezwa na NeuroSky, kampuni iliyoanzishwa California mnamo 2004.

Tangu wakati huo vifaa hivi vimetoka katika rafu za vitu vya watoto na kuwafikia watu wazima wanaotafuta utulivu, usingizi au umakini kazini. Vingine vimefikishwa hadi darasani. Mnunuzi huahidiwa kwamba ataiona akili yake mwenyewe kwenye kioo cha simu. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko maandishi yaliyo juu ya kasha.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, nazo huwasiliana kwa umeme na kemikali. Umeme wa seli moja ni hafifu mno kuweza kusikika nje ya fuvu. Maelfu kwa maelfu ya seli zilizo karibu na uso wa ubongo zinapofanya kazi kwa pamoja, nguvu zao hujumlika na kupenya majimaji yanayouzunguka ubongo, kisha mfupa, kisha ngozi. Kinachofika juu ya kichwa ni kati ya mikrovolti 10 na 100 hivi. Betri ya kawaida ya tochi, yenye volti 1.5, inazidi kiasi hicho kwa makumi ya maelfu ya mara.

Hali hiyo ni kama ya mtu aliyesimama nje ya uwanja wa Nyayo siku Gor Mahia inapokutana na AFC Leopards. Atajua bao limefungwa, na pengine atajua ni mashabiki wa upande gani wanaoshangilia. Hawezi kamwe kusikia mashabiki wawili walioketi kule juu wakinong'onezana kuhusu nauli ya kurudi nyumbani. Mkanda wa kichwani unasikia kelele za uwanja. Mawazo ya mtu ni ile minong'ono.

Ajabu ni kwamba taaluma hii ilizaliwa na mtu aliyekuwa akitafuta minong'ono hiyo hiyo. Richard Caton, daktari wa Liverpool nchini Uingereza, alikuwa tayari ameripoti mwaka wa 1875 kwamba aliona mikondo ya umeme katika bongo za sungura na nyani. Lakini aliyeipima kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa maradhi ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Alipokuwa kijana jeshini, Berger alianguka kutoka kwenye farasi na nusura akanyagwe na magurudumu ya gari la mizinga. Siku hiyo hiyo alipokea simu ya maandishi kutoka kwa babake akiuliza hali yake, kwa sababu dadake, aliyekuwa mbali, alishikwa ghafla na hofu kwamba amepatwa na jambo baya. Berger aliamini fikira zake zilisafiri hadi kwa dadake, na alitumia miaka mingi kutafuta nguvu iliyozibeba.

Hakuipata. Alichokipata mwaka wa 1924, na kukichapisha mnamo 1929 baada ya kusitasita sana, ni mtetemo wa mara kumi hivi kwa sekunde unaojitokeza mtu anapofumba macho na kutulia, kisha ukafifia anapoyafumbua. Aliuita alfa. Wataalamu wengi walimpuuza hadi Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipothibitisha matokeo yake mnamo 1934. Kipimo hicho, ambacho madaktari hukiita kwa kifupi EEG, kingali kinatumiwa hospitalini kuchunguza kifafa na matatizo ya usingizi.

Wataalamu hugawa mawimbi hayo kwa kasi yake. Yaliyo chini ya mitetemo minne kwa sekunde huitwa delta, nayo hutawala katika usingizi mzito. Theta ni kati ya nne na nane, alfa kati ya nane na 13, na beta kutoka 13 hadi 30. Matangazo ya biashara hupenda kulipa kila wimbi hali yake: hili la utulivu, lile la ubunifu, jingine la umakini. Mambo hayako hivyo. Mawimbi yote hupatikana kwa pamoja, na wimbi moja huwa na maana tofauti kutegemea sehemu ya kichwa linakotoka.

Wazo la kumfundisha mtu kuyatawala mawimbi yake lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago alipowataka watu wabashiri kama ubongo wao ulikuwa katika alfa au la, akiwaambia kila mara kama wamepata au wamekosa. Baada ya muda wengi walipata zaidi ya inavyotarajiwa kwa bahati. Aliposimulia jambo hilo katika jarida moja la Marekani mnamo 1968, vijana wa enzi hizo waliokuwa wakisaka njia fupi ya kufikia taamuli ya Mashariki walilidaka kwa furaha.

Kwa upande wake, Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwafunza paka kuongeza mtetemo wa mara 12 hadi 15 kwa sekunde kwa kuwatuza chakula. Baadaye, katika uchunguzi wa sumu ya mafuta ya roketi, paka waliofunzwa walistahimili mitukutiko kuliko wenzao. Mnamo 1972 yeye na mwenzake wakaripoti kwamba mgonjwa mmoja wa kifafa alipata nafuu kwa mafunzo kama hayo. Paka, angalau, hawawezi kushukiwa kwamba walipona kwa imani tu.

Mikanda ya leo imerithi wazo la Kamiya na kulitia katika plastiki. Tofauti kati yake na mtambo wa hospitali ni kubwa. Hospitalini mtaalamu hubandika vihisi vipatavyo ishirini kila pembe ya kichwa, akivipaka mafuta maalumu ya kupitisha umeme, kisha daktari aliyesomea kazi hiyo huikagua michoro. Mindflex ilikuwa na kihisi kimoja kikavu pajini, na vibanio viwili masikioni. Emotiv EPOC, iliyoingia sokoni mnamo 2009 kwa dola 299, ilikuwa na vihisi 14 vya kulowekwa maji ya chumvi. Muse, iliyotolewa mwaka wa 2014 na kampuni ya InteraXon ya Toronto, Canada, husoma pajini na nyuma ya masikio, kisha hugeuza hali ya ubongo kuwa sauti za hewa: akili ikitangatanga dhoruba huvuma, ikitulia upepo hupungua na ndege wakalia.

Programu hupima kiasi cha kila wimbi na kukipitisha katika hesabu ya siri ya kampuni. Hutoa alama, mathalani kutoka moja hadi 100, iliyopewa jina "umakini" au "utulivu". Mvaaji huiona alama. Hesabu iliyoizaa haioni.

Tatizo kubwa ni misuli. Kupepesa macho, kuuma meno au kukunja uso huzalisha umeme unaoweza kuyazidi mawimbi ya ubongo mara kadhaa, na paji la uso ndipo mahali pa misuli hiyo. Mnamo 2007 watafiti wa Adelaide, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo si kila mtu angelikubali: watu waliojitolea walidungwa dawa ya kulegeza misuli yote ya mwili huku wakiwa macho, kisha wakapimwa. Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya kile kinachorekodiwa kichwani kwa kasi ya zaidi ya mitetemo 20 kwa sekunde, jambo linalogusa nusu ya eneo la beta, hutokana na misuli wala si ubongo.

Kwa hivyo mchezaji anayeupaisha mpira kwa "kukaza fikira" huenda anaupaisha kwa kukunja ndita. Katika mchezo, hasara ni ndogo. Mpira umepaa na watoto wamefurahi. Kwa aliyelipa dola 300 ili afunze akili yake, ni suala tofauti.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuviita vifaa hivi vya kitapeli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walilinganisha EPOC na mtambo wa maabara mnamo 2013 na kuona kwamba inaweza kunasa vyema baadhi ya miitikio ya ubongo kwa sauti. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Victoria, Canada, walifikia uamuzi kama huo kuhusu Muse mwaka wa 2017. Ikumbukwe kwamba hao ni wataalamu waliorudia vipimo mara nyingi na kuchuja makosa. Si mtu aliyeketi kitandani na simu mkononi.

Kuhusu mafunzo yenyewe, ushahidi unapwaya. Katika utafiti uliofanywa Salzburg, Austria, na kuchapishwa mnamo 2017, watu wenye tatizo la kukosa usingizi walipewa mafunzo halisi na mafunzo bandia. Yote mawili yaliwapa nafuu sawa kwa maelezo yao wenyewe. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 na uliohusisha watoto 144 wa umri wa miaka saba hadi 10 wenye tatizo la kukosa utulivu na umakini ulimalizika vivyo hivyo: waliosomewa mawimbi yao halisi hawakuwapita wale waliopewa ya kubuni. Nafuu ilikuwepo kwa pande zote, lakini haikutokana na mawimbi. Anayeketi kimya dakika 20 kila siku atatulia, awe amevaa mkanda au hakuvaa.

Hatari ni kubwa zaidi kifaa kinapochukua nafasi ya daktari. Nchini Bhutan, watafiti waliwapima watu 205 kwa mtambo wa bei nafuu unaounganishwa na simu, na kulinganisha na EEG ya kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mnamo 2017, yalionyesha kwamba mtambo huo mara chache ulidai kuna dalili mahali zisipokuwapo, lakini ulikosa zaidi ya nusu ya dalili za kifafa zilizonaswa na ule wa kawaida. Huo ulikuwa mtambo ulioundwa kwa kazi hiyo. Mkanda wa taamuli haukuundwa kwayo, na mzazi ambaye mwanawe huanguka kifafa hawezi kuutegemea umwambie kwamba mtoto ni mzima.

Watoto pia ndio waliokuwa kiini cha mzozo uliozuka China mwaka wa 2019. Katika shule moja ya msingi mjini Jinhua, mkoani Zhejiang, wanafunzi walivishwa mikanda ya kampuni ya BrainCo yenye taa pajini: nyekundu kwa anayemakinika, buluu kwa ambaye akili yake imetoroka. Alama zao zilimfikia mwalimu na wazazi. Picha zilipoenea, wananchi walighadhabika na wakuu wa elimu wa eneo hilo wakasimamisha matumizi ya vifaa hivyo. Ukizingatia yaliyoelezwa kuhusu misuli, yawezekana baadhi ya watoto waliadhibiwa au kusifiwa kwa jinsi walivyokunja nyuso.

Kisha kuna swali la nani anayebaki na rekodi. Guido Girardi, aliyekuwa seneta nchini Chile, alinunua kifaa cha Emotiv kiitwacho Insight na kugundua kwamba rekodi za ubongo wake zilihifadhiwa katika mitambo ya kampuni hiyo, huku yeye mwenyewe akitakiwa kulipia leseni ili azipate kikamilifu. Kampuni ilijitetea kwamba alikubali masharti. Chile ilikuwa imeirekebisha katiba yake mnamo 2021 ili kulinda shughuli za ubongo, na Agosti 2023 Mahakama ya Juu iliamuru rekodi hizo zifutwe.

Hakuwa peke yake. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2024 na shirika la Neurorights Foundation kuhusu kampuni 30 za vifaa hivi ulionyesha kwamba 29 zilijipa uwezo wa kufikia data za ubongo za wateja bila mipaka ya maana. Mwaka huo huo majimbo ya Colorado na California nchini Marekani yalipitisha sheria za kuzilinda, na Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zikaidhinisha mwongozo wa maadili ya teknolojia hizo.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Katika kueleza data za kimwili zinazomtambulisha mtu, sheria hiyo inataja aina ya damu, alama za vidole, DNA, umbo la ndewe la sikio, retina ya jicho na sauti. Mawimbi ya ubongo hayakutajwa, ingawa orodha hiyo haikufungwa, na data za afya zinalindwa kivyake. Kwa mtoto, sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi. Ugumu ni kwamba anayeagiza mkanda kutoka ng'ambo kwa intaneti hukubaliana na kampuni isiyo na ofisi nchini, kwa kubofya mara moja chini ya kurasa za masharti ya Kiingereza, na mara nyingi hufanya hivyo kabla hata ya kuuvaa.