Miguu ya Njia ya Kabambare

Mjukuu wangu wa kike ana umri wa miaka 16, anachezea timu ya wasichana hapa Kasongo, pembeni kulia. Watu wakiniuliza mbio zile kazirithi kwa nani, huwajibu: kwa njia ya Kabambare. Hudhani nawapiga chenga. Nawajibu kwa moyo wangu wote, na mwenye nafasi ya kukaa kitako humweleza.

Kabla ya reli na kabla ya gari, pembe za ndovu zilizotoka Kasongo kwenda Ujiji zilisafiri mabegani mwa watu, na watu hao walipita Kabambare. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tuliyemzoea kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100, na hapo safari ndiyo kwanza inaanza: kuna ziwa la kuvuka, halafu Tabora, halafu pwani. Habari hii siipambi. Wengi walikwenda kwa nguvu, kongwa shingoni, na wengi hawakurudi. Lakini wapo waliokwenda na kurudi, wakaijua njia kijito kwa kijito. Baba wa babu yangu, Mbangubangu wa upande wa Kabambare, alikuwa mmoja wao.

Njia yenyewe haikuwa na huruma kwa mtu. David Livingstone, aliyekuwa amekwisha kulitembea bara hili kwa miaka mingi, mwaka 1870 alilala miezi kadhaa huko Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Nilipokuwa mwalimu niliwasomesha watoto habari zake kama zilivyokuwa kitabuni. Kisha niliwauliza: na waliombebea mizigo, miguu yao ilikuwaje? Kitabu hakikuwa na jibu, kwa hiyo niliwapa la babu yangu.

Babu alizaliwa baada ya vita vya Waarabu na Wabelgiji, vile ambavyo ndani yake Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, aliiteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893. Bwana alibadilika, mzigo ukabaki. Mwaka 1911 reli ya Kindu na Kongolo ilikamilika, watu wakadhani mabega yatapumzika. Ikaja vita ya Wazungu. Babu alichukuliwa kijana mbichi, akabeba masanduku ya risasi nyuma ya askari mpaka Tabora, iliyotekwa Septemba 1916. Mimi nilimwahi akiwa mzee. Kila jioni alikaa kwenye kigoda, akapasha moto kidogo mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi yenye harufu kali, akajikanda kuanzia kisigino kwenda juu mpaka gotini, taratibu, hakuruka kidole hata kimoja. Nyayo zake zilikuwa ngumu na zenye nyufa, na kucha ya kidole gumba cha kushoto haikuwepo. Alisema wenzake walikufa zaidi kwa kuhara na kwa baridi ya milimani kuliko kwa risasi. Alisema pia, na hapo alikaa wima, kwamba yeye hakuwahi kuangusha sanduku.

Baba yangu ndiye wa kwanza katika ukoo kukimbia kwa furaha yake mwenyewe. Mpira aliujulia kwenye uwanja wa misheni. Nyumbani wao wavulana walijitengenezea wa kwao: waligema utomvu wa mitambaazi ya mpira msituni, wakauacha ugande, wakauviringisha tabaka juu ya tabaka mpaka ukadunda. Utomvu uleule baba zao waliutoa kwa kulazimishwa na Serikali! Baadaye alipata kazi kwenye dhahabu ya Namoya, akacheza beki na wafanyakazi wenzake, miguu mitupu.

Mimi sikuwa mchezaji wa kutajwa. Nilikuwa mshangiliaji, na mwaka 1974 nilikuwa kijana mwenye redio. Chui, timu yetu ya taifa ya Zaire, walitwaa Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika mashindano yale, idadi ambayo hadi leo hakuna aliyeifikia. Mwaka huohuo tukawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mtaa wetu haukulala.

Vita iliyoanza 1998 iliturudisha nyuma. Treni ikakatika, na Maniema ikawa inalishwa na watu wanaosukuma baiskeli: mchele, mawese, chumvi, sabuni. Mwanangu alikuwa mmoja wao. Mti mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, gunia katikati, na mtu anatembea pembeni siku nzima, usiku analala porini kwa kuogopa wenye bunduki. Huyo ndiye baba wa namba saba wangu.

Kwa hiyo mnisamehe nikisimama kwenye mstari tangu saa tisa alasiri. Uwanja ni udongo mwekundu, goli ni miti mitatu. Anaupokea mpira, anamwacha beki hatua mbili, tatu, na mimi nasikia watu wakiuliza ni mtoto wa nani. Jioni ananiletea chupa: "Babu, nikande." Namkanda kuanzia kisigino, kama nilivyoona. Kaka yake anaota kuichezea Maniema Union ya Kindu, klabu ambayo mwaka 2024 iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika pamoja na Raja, FAR na Mamelodi Sundowns. Nimemwambia aote.

Walimu wenzangu wa Kasongo na Kabambare, nina ombi moja. Majina ya mabwana wa njia ile yamo vitabuni, ya waliobeba hayamo. Wazee waliowasikia wapagazi kwa masikio yao wanapungua kila msimu. Wapeni wanafunzi daftari, muwatume kwa babu na bibi zao, wayaandike. Ya ukoo wetu nimekwisha kuyaandika, na mjukuu wangu anayajua kwa moyo.