Jina la Salenda

Mtu atokaye Kinondoni kwenda mjini Dar es Salaam kwa njia ya Ali Hassan Mwinyi huuvuka mkono wa Msimbazi karibu na mahali uingiapo baharini. Daraja la hapo lina jina moja katika vinywa vya watu na jingine katika ramani. Makonda wa daladala huita "Salenda!" na abiria hushuka. Ramani zaandika Selander. Magazeti nayo, kama yatakayo kuwaridhisha wote wawili, mara nyingi huandika Salender. Basi wako wasomi wawachekao wenzao wasemao Salenda, wakidai ya kuwa ni ujinga kuliharibu jina la mtu. Neno hilo lafaa lichunguzwe, kwa maana anayechekwa huona haya, na huenda akaona haya pasipo sababu.

Kwanza tumjue mwenye jina. John Einar Selander alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya ujenzi wa serikali katika Tanganyika, nchi ilipokuwa mikononi mwa Waingereza. Jina lake la ukoo kwa asili ni la Uswidi, si la Uingereza. Lakini Waingereza ndio waliolitamka hapa kila siku. Daraja la kwanza lilijengwa mwaka 1929, likaitwa kwa jina lake, na kwa daraja hilo mji ukapata njia fupi ya kwenda Oyster Bay. Daraja la siku hizi si lile la 1929. Lilijengwa baadaye, na jina likabaki.

Sasa tuliangalie jina lenyewe. Katika Selander irabu ya kwanza ni e na ya pili ni a. Katika Salenda zimebadilishana mahali, nayo r ya mwisho imetoweka. Mtu aweza kudhani ya kuwa ulimi wa Mswahili uliteleza. Lakini Mwingereza hasemi kama aandikavyo. Irabu isiyotiwa mkazo huimeza, hata sikio letu likaisikia kama a hafifu. Irabu a yenye mkazo huisema kwa mdomo uliobanwa, karibu na e yetu, na Waingereza wenye vyeo wa zamani zile waliibana kuliko wajukuu wao. Na r ya mwisho hawaitamki kabisa. Twaa mambo hayo matatu, uyatie katika Selander, nawe utapata Salenda.

Ushahidi tunao katika maneno tuliyokwisha kuyapokea. Twasema benki, betri, teksi, trekta. Na katika Kiingereza yote hayo huandikwa kwa a pale tunapotia e. Twasema dereva, namba, poda, mita. Nayo yote kwao huishia kwa er. Yako mengine yaliyoshika a, mathalani jamu, wala sisemi kwamba kanuni hii haina mlango wa nyuma. Lakini mimi naona ya kuwa waliosema Salenda kwanza hawakuliharibu jina. Walilisikia, wakalitamka walivyolisikia. Hata mkazo uliangukia mahali pake, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na jina hilo nalo hukazwa hapo hapo.

Ajabu ni hii, kwamba wale wachekao husoma vitabuni habari za John Hanning Speke, aliyelifikia ziwa la Nyanza mwaka 1858 akiongozana na Sidi Mubarak Bombay, wakamwita Spe-ke, silabi mbili wazi. Mwenyewe aliitwa Spik. Basi ni nani aliyekosa zaidi, aliyefuata sikio au aliyefuata jicho?

Tena Waingereza wenyewe hukwama katika majina yao. Lord Delamere, aliyekuwa mkubwa wa walowezi wa Kenya na kufa mwaka 1931, jina lake la ukoo lilikuwa Cholmondeley. Zihesabu herufi zake, ni 12. Nalo hutamkwa Chamli tu. Asili yake ni jina la kijiji katika jimbo la Cheshire. Watu walilifupisha kinywani karne kwa karne, na kalamu haikuwafuata. Mgeni asiyeambiwa hawezi kulijua, hata awe Mwingereza.

Hata Askofu Edward Steere wa Unguja, aliyefariki mwaka 1882, yumo katika habari hii. Yeye alikuwa mmoja wa waliotufundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, kila irabu na sauti yake moja. Ukilisoma jina lake kwa kanuni hiyo utasema Ste-e-re. Rafiki zake walimwita Stia.

Upande wa pili wa mji, huko Temeke, liko jambo la kinyume. Pana mahali paandikwapo Wailes, kama jina la ukoo la Mwingereza. Na jina hilo liko kweli Uingereza, ingawa ni adimu: William Wailes wa Newcastle, aliyeishi tangu 1808 hata 1881, alitengeneza vioo vya rangi vya madirisha ya makanisa mengi. Huyo hutamkwa kwa silabi moja, Weilz. Lakini watu wa Temeke husema Wailesi, na Wailesi si mtu. Ni neno la Kiingereza la simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya; na waya yenyewe imetoka katika shina lile lile. Lindi nako iko kata iitwayo Wailes. Mtu akiandika historia ya Temeke kwa kutazama herufi peke yake, atamtafuta Bwana Wailes asiyekuwapo. Akiwasikiliza wazee wa mtaa, ataipata simu.

Kwa hiyo anayeandika habari za mtu yule wa mwaka 1929 na aandike Selander, maana ndiyo sahihi yake. Anayetaka kushuka darajani na aseme Salenda. Salender ya magazeti sioni kazi yake.

Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jingine refu juu ya bahari, karibu na lile. Lilipokuwa likijengwa liliitwa Selander Jipya, kisha likapewa jina la Tanzanite, kwa ajili ya kito kichimbwacho Mererani. Jina la kito hicho lilitungwa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968, kwa kulitwaa jina la nchi yetu na kulitia mkia wa kigeni. Laandikwa Tanzanite, nao makonda husema Tanzanaiti.