UZI: Kimataifa inaanzia Malaba

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anasema vyuo vifunze biashara ya kimataifa ili vijana wapate kazi nje. Mwingine anajibu huo ni ukoloni, tufunze vyetu. Kabla hujachagua upande, tuangalie historia kidogo.

2/ Kuanzia 1963 hadi 1970, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwanzoni kozi ziligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi na biashara Nairobi. Mkenya aliyetaka uwakili alifunga safari hadi Dar. Yaani ulisoma na jirani kabla ya kufanya kazi naye.

3/ Haikuwa peponi. Kila nchi ilitaka wataalamu wake, wengi na haraka. 1970 chuo kikagawanywa, vikawa vitatu. 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

4/ Hapa kwetu Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa 1984, kufuatia ripoti ya jopo la 1981 lililoongozwa na Mkanada, Colin Mackay. Kwa hivyo hata "vyetu" vina mkono wa nje. Anayekuambia kila cha kigeni ni sumu, mkumbushe hilo.

5/ Lakini na upande wa pili usishangilie bado. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, soko la pamoja likaanza 2010. Nina rafiki anasoma biashara, chuo sitataja. Muhula mzima amechambua kampuni za Marekani. Malori ya kwenda Uganda na Kongo hupitia mji huu kila siku, na hajawahi kufundishwa jinsi mzigo unavyopita forodhani Malaba. Ndiyo kazi anayoitafuta sasa.

6/ Mimi naona tunabishania swali lisilofaa. Akija mgombea na neno "kimataifa", usipige makofi kwanza. Muulize: darasani kutakuwa na Waganda na Wakongo wangapi? Mwanafunzi wa hapa atasoma muhula Kampala kwa pesa za nani? 1963 walikuwa na majibu, hata kama hayakudumu. Wa leo anayo?