Gitaa la Pauni Nane na Mbio za Kusaka Sauti

Msomaji, kuna ugonjwa mmoja unaowapata wapiga gitaa wa chumbani, na dawa yake haijapatikana. Mtu ana gitaa zuri tu. Anatoka kazini, anakula, anafunga mlango, anachomeka waya. Anapiga dakika kumi. Halafu anasimama, anaitazama amplifaya yake kwa jicho baya na kuanza kuwaza: ningekuwa na ile pedali nyingine, sauti ingekaa sawa. Mwisho wa mwezi anainunua. Sauti inakaa sawa wiki mbili. Wiki ya tatu anatamani spika mpya. Hivyo hivyo, mpaka uzeeni.

Nayajua haya kwa sababu mimi pia ni mgonjwa. Mchana naandika programu, usiku napiga gitaa, na hakuna aliyewahi kunilipa hata senti kwa hiyo kazi ya pili. Lakini kazi ya kwanza imenizoesha kuuliza kitu kinafanyaje kazi kabla ya kukilipia. Basi leo tuangalie historia. Hiyo sauti tamu tunayoikimbiza ilitoka wapi? Nani aliitengeneza? Jibu lilinishangaza: sehemu kubwa yake haikutoka dukani. Ilitoka kwa vitu vilivyoharibika, na kwa watu ambao hawakuwa na pesa za kununua vizima.

Tuanze na umeme wenyewe. Gitaa la umeme lilizaliwa kwa shida ya kawaida kabisa: gitaa halikusikika. Katika bendi za dansi za Marekani za miaka ya 1920 mpiga gitaa alimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwaka 1931 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker wakaunda gitaa dogo la chuma la kupigiwa mapajani, likaanza kuuzwa mwaka 1932, na watu wakalibandika jina la kikaango kwa sababu lilifanana nacho. Ndani yake mlikuwa na pikapu. Sio ile gari ya kubebea kabichi kutoka Kinangop! Pikapu ya gitaa ni sumaku na koili ya waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unayumba, na kwenye koili unazaliwa umeme unaofuata mtikisiko ule ule.

Umeme huo ni mdogo mno, kwa hiyo unahitaji kukuzwa. Siku hizo amplifaya zilitumia valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za babu zetu. Ndoto ya mhandisi ilikuwa moja: kinachoingia kitoke kikubwa zaidi, lakini umbo lake lisibadilike. Tatizo ni kwamba kila amplifaya ina kikomo. Ukiisukuma kupita hapo, vilele vya mawimbi vinakatwa. Kwa lugha yetu waandishi wa programu: ikiwa x imezidi 1, basi x ni 1. Mstari mmoja tu! Lakini mstari huo unazaa masafa mapya ambayo hayakuwamo: mara mbili ya lile la asili, mara tatu, mara tano na kuendelea. Sauti inanenepa, inakwaruza, inachelewa kufa. Valvu nayo haikati ghafla kama panga. Inapinda wimbi polepole kabla ya kulikata, na sikio la binadamu likapenda.

Kwa mhandisi hiyo ilikuwa hitilafu. Sasa ona jinsi hitilafu ilivyogeuka kuwa bidhaa.

Mwaka 1951 huko Memphis, wakati wa kurekodi wimbo Rocket 88, amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ilikuwa imeharibika njiani. Wakaijaza karatasi ndani ili spika isilegee, wakaendelea na kazi. Ikatoka sauti ya kunguruma ambayo watu waliipenda. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli kwa makusudi ili apate mkwaruzo wa wimbo Rumble. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks alichanachana karatasi ya spika yake ndogo kwa wembe.

Kisa cha Nashville ndicho kinachonifurahisha zaidi. Wakati wa kurekodi wimbo Don't Worry wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, sehemu moja ya mitambo ya studio iliharibika na gitaa la Grady Martin likatoa sauti kama nyuki ndani ya debe. Wimbo ukatoka hivyo hivyo na kupendwa. Fundi mitambo Glenn Snoddy akakaa chini akaunda sakiti ya transista inayoharibu sauti namna hiyo hiyo, kwa kukanyaga kitufe. Kampuni ya Gibson ikaiuza kuanzia mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Haikupata wateja wengi mpaka mwaka 1965, The Rolling Stones walipoitumia kwenye wimbo Satisfaction. Kwa hiyo zile pedali tunazozililia zina nasaba moja: mtambo ulioharibika siku ya kazi.

Hata amplifaya za Marshall, zinazotajwa kwa heshima kama majina ya mitume, zilianza kwa kuiga. Mwaka 1962 Jim Marshall alikuwa na duka la ala London. Yeye na mafundi wake walichukua sakiti ya Fender Bassman ya Marekani wakaiunda upya kwa vipuri walivyoweza kuvipata Uingereza. Kwa kuwa vipuri havikuwa vile vile, sauti nayo haikuwa ile ile. Tofauti hiyo ndiyo ikawa sauti ya roki.

Usidhani mbio hizi ni za wenye umeme peke yao. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Katanga unaoitwa Likasi leo. Gitaa kavu moja, kidole gumba na cha shahada, na ukisikiliza wimbo wake Masanga utaapa kuna watu wawili. Huku kwetu, kando ya Ziwa Viktoria, wapiga gitaa wa Kiluo walichukua mapigo ya nyatiti, chombo cha nyuzi 8, wakayahamishia kwenye gitaa, na hapo ikakua benga. Watu hawa wana jambo moja ambalo mgonjwa wa pedali hana: waliijua sauti waliyoitaka kabla ya kushika kifaa. Masikio yao yalikuwa tayari yamejaa nyatiti. Kilichobaki kilikuwa kuitafuta mle mle kwenye nyuzi za chuma.

Hapo ndipo ninapomleta barobaro mmoja wa viungani mwa London, ambaye ni mfano mzuri kuliko wote ninaoufahamu.

Mwaka 1963 Brian May alikuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi wa shule, mpiga gitaa wa nyumbani. Alitamani gitaa la Fender au Gibson, lakini nyumbani hakukuwa na pesa hiyo. Alichokuwa nacho ni baba, Harold, mchoraji wa michoro ya vifaa vya elektroniki, pamoja na vyombo vya useremala. Wakaamua kuliunda wenyewe. Kazi iliwachukua karibu miaka miwili.

Shingo ya gitaa waliichonga kutoka kwa mbao ya mkangazi iliyokuwa juu ya mahali pa kuotea moto katika nyumba ya zamani. Ilikuwa na matundu ya dumuzi, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Mwili waliuunda kwa mwaloni wa meza kuukuu. Alama za shingoni ni vifungo vya lulumizi kutoka kwa kisanduku cha kushonea cha mama. Mkono wa kutikisia nyuzi umeegemea makali ya kisu na kuvutwa na springi mbili za valvu za pikipiki kuukuu, na ncha yake ilikatwa kutoka kwa sindano ya kufumia. Gharama ya vifaa imetajwa mara nyingi kuwa pauni 8. Ukipita Gikomba utawakuta mafundi wa jua kali ambao wangemwelewa mara moja.

Lakini usiione kuwa kazi ya kubahatisha. Barobaro huyu alijua anachotaka. Alitaka gitaa linaloimba lenyewe likisimama mbele ya spika, kwa hiyo akaacha uwazi ndani ya mwili ili mbao zitikisike. Alizungusha pikapu zake mwenyewe, lakini zilileta kelele alipouvuta uzi kando, kwa hiyo akanunua tatu za Burns Tri-Sonic. Kisha akazipanga kwa mfululizo, kila moja na swichi ya kuiwasha na nyingine ya kuigeuza upande. Kugeuza upande ni hesabu ya kutoa: badala ya kujumlisha mawimbi ya pikapu mbili, unatoa moja kwa jingine. Yanayofanana yanafutana, tofauti zinabaki, na sauti inakuwa nyembamba na kali. Nimepiga hesabu: pikapu moja moja zinatoa sauti 3, jozi zinatoa 6, zote tatu kwa pamoja zinatoa 4. Jumla 13, kutoka kwa swichi 6 za bei ndogo. Hiyo ni programu, jamani, ila imeandikwa kwa waya!

Gitaa hilo, Red Special, ndilo alilolipiga na Queen tangu kundi lilipoanza mwaka 1970, na ameendelea nalo maisha yake yote. Badala ya kipande cha plastiki anapiga nyuzi kwa sarafu ya senti sita ya Uingereza.

Kuna na kisa cha amplifaya yake ndogo. Mwaka 1972 John Deacon, mpiga besi wa Queen aliyekuwa amesomea elektroniki, aliokota bodi ya sakiti kwenye pipa la taka la ujenzi London. Akaiweka ndani ya kasha la spika la rafuni, akaiunganisha na betri ya volti 9. Haikuwa na kitufe hata kimoja. May akaipenda mno, akaitumia kuigizia bendi nzima ya matarumbeta kwa gitaa katika wimbo Good Company wa mwaka 1975. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba bodi ile ilitoka kwa redio ya mkononi ya Supersonic, aina ya PR80, iliyotengenezwa kusini mwa Afrika. Ndiyo, redio ya Kiafrika iliyotupwa! Mafundi walihangaika miaka mingi kuiga takataka hiyo, na mwaka 2010 nakala zake zikaanza kuuzwa.

Marekani nako kulikuwa na Tom Scholz, mhandisi wa kampuni ya Polaroid aliyehitimu MIT. Jioni alijifungia katika chumba cha chini ya nyumba yake akitengeneza vifaa na kurekodi. Sehemu kubwa ya albamu Boston ya mwaka 1976 ilitoka humo. Baadaye alianzisha kampuni yake mwenyewe, na mwaka 1982 akatoa Rockman, kisanduku cha kuvaa kiunoni kinachompa mpiga gitaa sauti ya amplifaya kubwa kupitia vipokea sauti vya masikioni.

Kutoka hapo mambo yakahamia kwenye tarakilishi. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilitoa POD, kisanduku chenye umbo la figo kilichokuwa na hesabu za kuiga amplifaya nyingi. Siku hizi kuna Neural Amp Modeler, programu huria isiyolipishwa. Unapitisha sauti maalumu ya dakika chache ndani ya amplifaya halisi, unarekodi kinachotoka, kisha mtandao wa neva unajifunza uhusiano kati ya kilichoingia na kilichotoka. Ukichakata sampuli 128 kwa wakati mmoja, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu ni milisekunde 2.7 hivi. Hata ukiongeza muda wa kuingiza na kutoa sauti, sikio linaweza kuvumilia. Fikiria kichekesho hiki: mamilioni ya hesabu kila sekunde, ili kuiga kwa uaminifu mtambo ulioshindwa na kazi yake.

Kwa nini naona historia hii ina uzito kwetu? Kwa sababu hapa Nairobi pedali moja ya jina kubwa, ukiongeza usafiri na ushuru, inaweza kumeza kodi ya nyumba. Nimewasikia vijana wenye vidole vizuri kuliko vyangu wakisema hawawezi kurekodi mpaka wapate kifaa fulani. Wanasubiri kununua kitu ambacho mwenyewe wa kwanza alikipata kwa kuharibikiwa, kwa kuokota, au kwa kuchonga mbao za nyumbani. Kijana huyo akiwa na gitaa la mtumba na kompyuta ya kawaida, leo ana zana ambazo May hakuziota mwaka 1963. Asichokuwa nacho bado ni jibu la swali moja: unataka sauti gani? Swali hilo halijibiwi na duka lolote.

Mwaka 2024 Brian May alitangaza kwamba alipata kiharusi kidogo, na kwa muda mkono wake wa kushoto haukumtii sawasawa. Gitaa lilikuwa lile lile, sarafu ile ile, swichi zote 6 mahali pake. Bahati nzuri alisema bado anaweza kupiga. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga ukurasa wa duka niliokuwa nimeufungua, nikapiga skeli kwa nusu saa bila kuwasha amplifaya.

Pedali bado naitamani, sitawadanganya. Lakini kwanza nataka kujua ndani yake mna nini.