Kabla ya Kompyuta Kulikuwa na Kitabu Namba 5

Wenzangu wakisimulia asili ya vipande vya programu vinavyoandikwa mara moja na kutumika mara nyingi, huanzia Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968. Katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika huko, mtaalamu wa kompyuta Doug McIlroy alitaka programu ziundwe kwa vipande vinavyochaguliwa kwenye katalogi. Mimi naandika programu za afya, na naanzia Ngara, mkoani Kagera, kwenye meza ya zahanati alikofanya kazi mama yangu.

Juu ya meza ile vilipangwa vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya uliosambazwa nchini Tanzania miaka ya 1990. Kitabu namba 5 kilikuwa cha wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 7 watoto, namba 12 wanaojifungua. Pembeni kulikuwa na karatasi ya tali iliyojaa sifuri, safu kwa safu. Akija mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye malaria, mama anakata sifuri moja kwenye kisanduku chake. Mwisho wa mwezi anazihesabu zilizokatwa, anajaza fomu, na fomu inapanda gari lolote linalokwenda wilayani. Muuguzi wa wilaya jirani ya Biharamulo alijaza visanduku vilevile, ingawa hawakuwahi kuonana. Kwangu hapo ndipo penye mzizi wa kazi yetu: watu walishakubaliana kitu gani kihesabiwe, kwa jina gani, na kiandikwe wapi.

Makubaliano hayo yalianza kulegea mapema. Miradi ya UKIMWI, kifua kikuu na chanjo ilikuja na fomu zake, kisha na programu zake. Kila programu ikawa na orodha yake ya vituo, zahanati moja ikiandikwa kwa tahajia mbili tatu. Hata ungekuwa fundi hodari kiasi gani, usingeweza kuchomoa kipande huku ukakichomeka kule.

Nafuu ilitoka kusini. DHIS, programu ya kukusanya takwimu za afya, ilizaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ikiendeshwa ndani ya Microsoft Access. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa Java chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, na mwaka 2006 likaanza kutumika Kerala, India. Hapa kwetu lilienea nchi nzima kufikia mwisho wa 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa mstari wa mbele. Ndani yake kila kituo na kila kisanduku cha fomu kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, kinachoanza kwa herufi. Programu nyingine ikitaka takwimu, inakitaja kitambulisho hicho kupitia mtandao na kujibiwa.

Faida yake ukiitaka, itazame Biharamulo. Mwaka 2005 Chato ilikatwa kutoka humo ikawa wilaya. Mwaka 2012 ikahamishiwa mkoa mpya wa Geita. Nyamirembe, iliyo ndani ya Chato, haikusogea hata hatua moja kutoka ufukweni mwa ziwa, lakini ilibadili wilaya, kisha mkoa. Programu iliyong'ang'ania maneno "Biharamulo, Kagera" hupotea njia mipaka inapochorwa upya. Iliyoshika kitambulisho huendelea na kazi: kituo ni kilekile, kilichobadilika ni nani yuko juu yake.

Juu ya msingi huo vijana wa HISP Tanzania, shirika linaloendeleza DHIS2 nchini, waliandika programu ya kadi ya alama, inayoonyesha kwa rangi ni wilaya ipi inafikia malengo na ipi iko nyuma. Nchi nyingine yenye DHIS2 inaweza kuipakua na kuiweka juu ya takwimu zake bila kuiandika upya. Najivunia sana kazi hiyo. McIlroy alikuwa akidai kitu cha namna hiyo.

Hata hivyo, nimekaa na wauguzi ambao humwandika mgonjwa kwenye kompyuta, kisha kitabuni, kisha wanakata sifuri yake kwenye tali. Mgonjwa mmoja, maandishi matatu, na foleni inangoja nje. Vitambulisho vipo na mlango wa kubadilishana taarifa upo, kwa hiyo fomu ya mwezi inaweza kujazwa na kile alichokwisha kuandika muuguzi. Naomba kazi hiyo ikamilishwe kwanza, kabla programu nyingine mpya haijaletwa Ngara.