Kibisaya cha msafiri: maneno ya kujua kabla hujafika Cebu

Najua humu ndani kuna watu wana ndugu Dubai, Doha au Muscat, na ukikaa huko lazima utafanya kazi na Wafilipino. Mimi nilikaa chumba kimoja na jamaa wa kisiwa cha Bohol. Likizo moja akanialika kwao, nikamwambia poa, naanza kujifunza Kitagalog. Akacheka mpaka machozi. "Kaka, kwetu hatuongei hicho. Sisi Bisaya."

Wengi tunakosea hapo. Tagalog ni lugha ya Manila na ndiyo msingi wa Kifilipino, lugha ya taifa. Lakini ukishuka Cebu au Bohol, au ukienda Davao na Cagayan de Oro kule Mindanao, nyumbani na sokoni wanaongea Kisebu, ambacho wenyewe wanakiita Bisaya tu. (Iloilo na Tacloban wana lugha zao, ni ndugu lakini si hiyo.) Na usichanganye mambo. Kwa Kibisaya "nalibog ko" ni nimechanganyikiwa, lakini libog huko Manila ni ashiki! Umepotea njia Manila, kaa kimya.

Utasema Kiingereza kipo. Kweli kipo, hotelini na kwa vijana waliosoma. Kwa bibi wa kijijini usikitegemee sana, nitawaeleza kilichonipata.

Matamshi kwetu si kazi, irabu zinafanana na zetu. Wazungu wanahangaika na ng mwanzoni mwa neno, sisi tunayo kwenye ng'ombe. Ngalan (jina) tamka ng'alan. Ngano tamka ng'ano, maana yake "kwa nini", haihusiani na chapati. Penye kistari, kama dad-a, kata pumzi kidogo.

Salamu: maayong buntag asubuhi, maayong hapon alasiri, maayong gabii usiku. Asante ni salamat, neno lenye asili ya Kiarabu kama salama yetu. Asante sana, daghang salamat. Ndiyo ni oo, siyo ni dili, hakuna ni wala. Tafadhali, palihog. Sielewi, wala ko kasabot. Ukiulizwa taga-asa ka, wanataka kujua unatoka wapi: taga Tanzania ko.

Nilichokipenda zaidi ni hodi yao. Ukifika mlangoni kwa mtu unaita "Ayo!" na wa ndani anajibu "Dayon!" Hodi, karibu, kama Tanga vile. Na usimwite mtu mzima jina tupu. Mwanaume aliyekuzidi umri ni Nong, mwanamke Nang. Kijana mdogo wa kiume ni Dong, wa kike Day (tamka dai). Ukimwita dereva Nong, uso wake unabadilika hapo hapo.

Usafiri sasa. Jipni ndiyo daladala yao. Unakaa nyuma, nauli inapita mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, unasema "plete, palihog". Kushuka ni "lugar lang!", au ugonge sarafu kwenye bomba la juu. Mimi siku ya kwanza Cebu nilipitilizwa mbali kabisa kwa kuwa nilinyoosha mkono kama mwanafunzi. Bodaboda ni habal-habal. Akikimbiza sana mwambie "hinay-hinay lang, Nong", polepole tu.

Sokoni: tagpila ni? Hii bei gani? Ghali mno ni mahal kaayo. Kuhesabu ni usa, duha, tulo, upat, lima, unom, pito, walo, siyam, napulo. Majirani zetu wa Madagaska wanasema telo, dimy, fito, valo kwa tatu, tano, saba, nane, maana lugha hizo ni ukoo mmoja. Ila bei mara nyingi wanataja kwa Kihispania: baynte ni 20, singkwenta ni 50.

Sasa hilo tukio. Usiku wa tatu Bohol mwenyeji wangu alikuwa amevuka na boti kwenda Cebu, nimebaki na mama yake. Tumbo likanishika, si mchezo. Salamu zote ninazo, hata "gihigugma ko ikaw", nakupenda, nilikariri (kwa ajili ya nani sijui!). Neno la ugonjwa sina hata moja. Nikashika tumbo, mama akadhani nina njaa, akaniletea wali. Nikasema "busog na ko", nimeshiba. Akafurahi, akaenda kulala. Imekaribia alfajiri natapika barazani, miguu haina nguvu, ndipo akaita jirani, nikapakiwa kwenye habal-habal katikati ya watu wawili mpaka hospitali. Nikatundikiwa dripu. Daktari akauliza kwa Kiingereza kizuri tu kwa nini nimechelewa.

Kwa hiyo haya yaandike kwanza, kwenye karatasi, maana simu huzima. Sakit ni maumivu. Sakit akong tiyan, tumbo linauma. Sakit akong ulo, kichwa. Gihilantan ko, nina homa. Tambal ni dawa, botika ni duka la dawa, tubig ni maji. Tabang! Nisaidieni! Palihog dad-a ko sa ospital, tafadhali nipelekeni hospitali. Asa ang CR, choo kiko wapi, tamka si-ar.

Mwaka 1521 Antonio Pigafetta, aliyekuja na Magellan, aliandika orodha ya maneno ya huko huko Cebu. Yangu ni fupi kuliko yake. Siku naondoka yule mama alinishika mkono akasema "amping", ujitunze, akanifungashia wali wa njiani.

Mliofika Davao, leteni mliyonayo tuongeze.