Mashine ya Kuhesabu Chembe za Damu na Kazi Yake Karagwe na Kyerwa

Mashine ya kuhesabu chembe za damu, ambayo wahudumu wengi wa afya Tanzania huiita mashine ya FBP, hupokea damu kidogo na baada ya takriban dakika moja hutoa idadi ya chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani, ukubwa wa chembe hizo, na kiwango cha hemoglobini, yaani wekundu wa damu. Kuhesabu ni kazi ya mashine. Kuamua kama hesabu hiyo inaaminika na ina maana gani kwa mgonjwa ni kazi ya mtaalamu.

Katika kata ya Bugene na wilaya ya Karagwe kwa jumla, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka wilaya hiyo mwaka 2012, kipimo hiki kina shughuli nyingi. Malaria hupunguza damu na pia chembe sahani. Watoto wadogo na wajawazito hupungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma au kwa minyoo. Wapo pia wenye selimundu wanaohitaji kufuatiliwa. VVU navyo vina historia ndefu hapa: wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa nchini, mojawapo ilikuwa zidovudini, ambayo inaweza kushusha damu, kwa hiyo wekundu wa damu wa anayeitumia ulipaswa kuangaliwa mara kwa mara.

Kabla ya mashine

Karl Vierordt, Mjerumani, alieleza namna ya kuhesabu chembe za damu kwa hadubini mwaka 1852. Baadaye ilikuja chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba midogo iliyochorwa kwa vipimo maalumu. Damu huzimuliwa, ikawekwa kwenye chemba, kisha mtaalamu akahesabu mraba kwa mraba. Kazi hii huchosha macho, na kwa kuwa chembe zinazohesabiwa ni chache, majibu ya watu wawili juu ya damu ileile yanaweza kutofautiana sana.

Wallace Coulter, mhandisi wa Kimarekani, alipata hataza ya njia yake ya kuhesabu tarehe 20 Oktoba 1953. Mwaka 1968 ilitoka Coulter Model S, mashine iliyotoa vipimo saba kwa mpigo. Kanuni ya Coulter bado ndiyo moyo wa mashine nyingi ndogo za leo.

Inavyofanya kazi

Damu huzimuliwa kwa maji ya chumvi yanayopitisha umeme, kisha huvutwa kupitia tundu lenye upana usiozidi sehemu ya kumi ya milimita. Mkondo wa umeme hupita katika tundu hilo. Chembe haipitishi umeme vizuri, hivyo kila inapopenya huzuia mkondo kwa kitambo kidogo sana, na mashine huandika mshtuko mmoja. Ni kama mfugaji wa Karagwe anayehesabu ng'ombe wakipita mmoja mmoja kwenye mlango wa josho, ila mashine hupima pia ukubwa wa kila anayepita, kwa sababu chembe kubwa hutoa mshtuko mkubwa. Ndiyo maana chembe sahani, zilizo ndogo mno, hutenganishwa na chembe nyekundu katika tundu lilelile.

Chembe nyeupe huhitaji njia nyingine, kwa kuwa chembe nyekundu huzizidi kwa mamia. Dawa maalumu hupasua chembe nyekundu, nyeupe zikabaki kuhesabiwa. Hemoglobini iliyomwagika hubadilishwa rangi kwa kemikali, kisha hupimwa kwa mwanga.

Mashine za kawaida hugawa chembe nyeupe katika makundi matatu kwa kufuata ukubwa. Zile za juu zaidi hutumia leza kutambua makundi matano, zikiwemo eosinofili, ambazo huongezeka kwa baadhi ya minyoo na kwa mzio.

Kusoma majibu

Chukua karatasi yenye chembe nyekundu milioni 3.10 kwa maikrolita, ukubwa wa wastani wa chembe femtolita 62, na hemoglobini gramu 5.8 kwa desilita. Ukizidisha idadi kwa ukubwa unapata kwamba chembe nyekundu ni asilimia 19.2 ya ujazo wa damu. Mashine haikuipima asilimia hiyo, iliikokotoa. Ukubwa wa kawaida kwa mtu mzima ni femtolita 80 hadi 100, kwa hiyo chembe hizi ni ndogo, na daktari ataanza kufikiria upungufu wa madini ya chuma. Mwinuko nao huzingatiwa. Wanaoishi nyanda za juu kama za Karagwe huwa na wekundu wa damu uliozidi kidogo ule wa watu wa pwani.

Hesabu hii husaidia hata upimaji wa malaria. Mtaalamu akihesabu vimelea kwenye slaidi nene hadi afikishe chembe nyeupe 200, kwa kawaida hukadiria kwamba mgonjwa ana chembe nyeupe 8,000 kwa maikrolita. Vimelea 50 hapo ni sawa na 2,000 kwa maikrolita. Mashine ikionyesha kuwa chembe nyeupe ni 4,000 tu, vimelea halisi ni 1,000.

Inapodanganyika

Mashine huhesabu chochote chenye ukubwa unaolingana na kile inachotafuta. Vipande vya chembe nyekundu huweza kuhesabiwa kama chembe sahani, na chembe nyekundu changa zenye kiini kama chembe nyeupe. Mafuta mengi kwenye damu hupandisha hemoglobini isivyo kweli. Kosa la kawaida zaidi huanzia kwenye sindano: chupa ya kifuniko cha zambarau isipogeuzwageuzwa taratibu mara tu damu inapotolewa, bonge dogo hujitengeneza na chembe sahani zinaonekana zimekwisha. Kwa sampuli inayosafirishwa kwa pikipiki kutoka zahanati ya mbali, saa ya kutolewa iandikwe, kwani chembe za damu iliyokaa sana huvimba.

Mashine yenyewe huweka alama ya onyo inapotilia shaka. Hapo mtaalamu hukagua kama damu imeganda, hurudia kipimo, kisha hupaka slaidi na kuitazama kwa hadubini.

Mahitaji yake

Kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa wa kwanza, hupimwa damu ya udhibiti ambayo majibu yake yanajulikana. Yakitoka nje ya kiwango, kazi husimama. Tundu huziba lisiposafishwa. Vitendanishi huisha muda, na mashine nyingi hazikubali vya kampuni nyingine, hivyo mashine ya msaada isiyo na njia ya uhakika ya kuagiza vitendanishi huishia kufunikwa kitambaa. Umeme ni suala jingine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera ilitegemea umeme kutoka Uganda, na popote unapokatika au kuyumba, stabilaiza na betri ya akiba ni sehemu ya mashine.

Kwa sababu hizo, maabara inayonunua mashine hii isiitupe chemba ya Neubauer, wala isiache kuwafundisha wataalamu wapya kusoma slaidi. Siku mashine inapokwama, vifaa hivyo ndivyo vitakavyotoa majibu, na siku inapofanya kazi, ndivyo vitakavyoonyesha kama imesema kweli.